Cheti kinaisha, saa hazijatimia, na mkono unauma

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkandaji wa masaji, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Siku nne za wiki nafanya katika kituo cha mtu, siku ya tano napokea wateja wangu mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu cheti changu cha kitaaluma kinaisha baada ya wiki saba, na kwa mara ya kwanza tangu nianze sijui kama nitaweza kukihuisha. Wala sijui kama nataka.

Masharti ya bodi iliyonipa ni haya. Kila baada ya miaka miwili niwe nimepata saa 24 za mafunzo ya kujiendeleza, na tatu kati ya hizo ziwe za maadili. Niwe nimekanda wateja kwa saa zisizopungua 100. Niwe na cheti kilicho hai cha kufufua moyo na mapafu (CPR), yaani huduma ya kwanza kwa mtu ambaye moyo wake umesimama. Halafu nijaze fomu, nitie saini na nilipe ada. Saa za kazi ninazo tele. Za mafunzo ninazo 15 tu, na ndani yake hakuna hata moja ya maadili. Cheti cha kufufua moyo kiliisha miezi minne iliyopita, nami sikuona.

Sikukaa bure. Mwaka jana mama alipata kiharusi. Kwa miezi minane nilikuwa nafanya kazi nusu siku na nusu nyingine namuuguza, mpaka alipoanza kutembea kwa mkongojo. Warsha mbili nilizokuwa nimezilipia nilizikosa.

Sasa kuna rafiki yangu, tulisoma naye darasa moja. Siku hizi anaendesha kozi fupi zinazotambuliwa na bodi. Nilipomweleza shida yangu alinihurumia sana, akasema ataliweka jina langu kwenye orodha ya warsha aliyoifanya miezi mitatu iliyopita, ya saa 9, tatu zikiwa za maadili. Atanipa cheti cha kuhudhuria kama wengine. Anasema mambo yenyewe nayajua, hata kufundisha ningeweza, na bodi haina muda wa kukagua kila mtu. Hajaniomba hata senti. Ni mtu mwema na anataka kuniokoa.

Mwenye kituo naye anasema nisijisumbue. Kwa maneno yake, wateja hawaulizi cheti, wanaulizia nafasi ya Jumamosi.

Kuna jambo jingine ambalo kazini sijamwambia mtu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kinaniuma kwa karibu mwaka mzima. Asubuhi nashindwa kufungua chupa. Kwa siku napokea wateja sita, na wengi wanataka mkandamizo mzito. Mume wangu anaona huenda hii ni ishara kwamba wakati wa kuacha umefika. Nami nikisema kweli, kozi nyingi nilizohudhuria zimenichosha, ni yaleyale niliyofundishwa chuoni.

Nikubali msaada wa rafiki, niache cheti kiishe, au nikimbizane na saa 9 kwa mkono unaouma? Sitaki kumvunja moyo rafiki yangu. Sitaki kupoteza jina nililolijenga. Na naogopa zaidi kulipia kazi ambayo mwili wangu umeanza kuikataa.

Wako,
Mikono Imechoka

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa Mikono Imechoka,

Pole kwa kuuguza, na hongera kwa mama kuinuka tena. Miezi minane ya kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani, kumwinua na kumwogesha ni kazi ya mikono, nawe uliifanya juu ya kazi nyingine ya mikono. Naanzia hapo kwa sababu barua yako imeutaja ugonjwa wa mama katika aya moja na gumba katika aya nyingine, kana kwamba havijuani. Kiharusi kilikuwa mwaka jana. Gumba linauma kwa karibu mwaka. Tutarudi huko.

Umeniuliza swali moja lenye matawi matatu: nikubali, niache au nikimbizane. Mimi naona mambo matatu yaliyofungwa kamba moja kwa sababu tu yamekufikia kwa wakati mmoja. Karatasi zimepungua, rafiki ametoa ahadi inayokukosesha raha, na mkono unalalamika. Wiki saba ni za karatasi peke yake. Kwa hiyo tuanze na hilo lenye tarehe.

Kwanza hakikisha ni karatasi ya aina gani. Unaandika "cheti cha kitaaluma" na "bodi", na maneno hayo hubeba vitu viwili tofauti. Leseni hutolewa na mamlaka ya serikali, na pale inapotakiwa, bila hiyo kumkanda mtu kwa malipo ni kuvunja sheria kuanzia siku inayofuata tarehe ya kuisha. Cheti cha bodi ya kitaaluma mara nyingi ni cha hiari. Kikiisha unapoteza haki ya kutumia cheo chake na nembo yake, lakini ruhusa ya kufanya kazi inategemea leseni. Wapo wanaobeba vyote viwili vyenye tarehe tofauti, wakahuisha kimoja wakidhani wamemaliza. Wapo pia wanaoishi mahali ambapo cheti ndicho hicho hicho leseni. Tofauti hii ndiyo itakayokuonyesha hatari ya "niache kiishe" ina ukubwa gani, na barua yako haikuitaja.

Usichukue pia la mwenzako ukadhani ni lako. Angalia Marekani peke yake: bodi ya kitaifa ya wakandaji, NCBTMB, hutaka saa 24 kila miaka miwili, jimbo la New York hutaka saa 36 kila miaka mitatu, Texas saa 12 kila miaka miwili, na chombo kinachowapa wakandaji vyeti California, CAMTC, huhuisha vyeti bila kudai saa za mafunzo. Kazi ni ileile, mikono ni ileile. Anayekwambia "bodi hazikagui" au "faini yake ni ndogo" huenda anasema kweli kuhusu bodi nyingine kabisa.

Sasa hesabu upya hizo saa 15 kabla ya kuamini kwamba zimepungua 9. Angalia kipindi chako kinaanza lini. Bodi nyingi huhesabu tangu tarehe ya kutolewa cheti, na mtu akihesabu kwa mwaka wa kalenda anaweza kuongeza kozi ya mwezi mmoja kabla ya kipindi, ambayo haitakubaliwa, au kuiacha nje kozi halali. Angalia saa moja inahesabiwaje, maana bodi nyingine huhesabu dakika 50 za darasa kuwa saa moja, nyingine hudai dakika 60 kamili. Kila cheti cha kozi kiwe na jina lako, jina la kozi, tarehe, idadi ya saa, jina la mtoaji na namba yake ya kutambuliwa na bodi. Kikikosa kimoja, mwombe mtoaji akitoe upya sasa hivi. Kufanya hivyo ni halali kabisa ukiwa ulikuwepo. Tazama pia majina yanavyolingana. Cheti chenye jina la kabla ya ndoa na fomu yenye jina la ndoa hurudishwa, na wiki mbili hupotea hapo.

Kuna saa ambazo watu husahau kuzihesabu. Bodi kadhaa hukubali saa ulizofundisha wenzako katika kozi inayotambuliwa, au somo la chuo kama anatomia (muundo wa mwili), na kozi ya kufufua moyo yenyewe huhesabiwa na baadhi yao, si zote. Chochote ambacho huenda ulifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) ulipokuwa unamuuguza mama kwa kawaida hakitahesabiwa, kwa kuwa hakuna mtoaji aliyetambuliwa wala cheti, hata kama ulijifunza zaidi ya warsha yoyote. Lakini zile warsha mbili ulizolipia ukazikosa, waulize waandaaji kama wanakubali kukuhamishia tarehe nyingine. Wengi huruhusu hilo mgonjwa anapokuwa wa familia, na umeshalipa.

Tuseme baada ya hesabu bado zimepungua 9. Je, wiki saba zinatosha? Kwa saa zenyewe, ndiyo, ila mpangilio ndio huwaangusha watu. Cha kwanza kushughulikia kiwe kile ambacho wengi hukiacha mwisho: kufufua moyo. Darasa lenyewe ni la nusu siku, lakini nafasi hujaa, na bodi nyingi hukataa cheti cha mtandaoni kisicho na sehemu ya vitendo. Lazima mkufunzi akuone ukibonyeza kifua cha sanamu kwa kina cha sentimita 5 bila kupita 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Waulize mapema kama bodi yako inakubali kozi hiyo. Na kwa sababu ya gumba lako, mwambie mkufunzi kabla ya kuanza. Mibonyezo hufanywa kwa kisigino cha kiganja, mikono imenyooka na uzito ukishuka kutoka mabegani, kwa hiyo gumba halina kazi kubwa pale, lakini kifundo cha mkono kinayo.

Saa tatu za maadili hupatikana kirahisi kwa kujisomea nyumbani, na mwishoni huwa na mtihani. Zilizobaki sita ni warsha ya siku moja. Hapa kuna mitego miwili. Bodi nyingi huweka ukomo wa saa za kujisomea, kwa hiyo kama zile 15 zako nyingi zilikuwa za mtandaoni, huenda ukomo umeshafika na tisa zote zinapaswa kuwa za ana kwa ana. Na mtoaji anaporipoti saa zako moja kwa moja kwenye mfumo wa bodi, inaweza kupita siku kadhaa kabla hazijaonekana. Ukimaliza kozi Jumapili na cheti kikaisha Jumatatu, fomu yako inaweza kukataliwa ilhali umetimiza kila kitu. Jiwekee tarehe yako ya mwisho wiki mbili kabla ya ile ya bodi. Ikiwa bodi yako hutaka pia alama za vidole au uchunguzi wa rekodi ya jinai, anza na huo leo.

Barua yako imeacha nje njia nyingine, na nadhani ni kwa sababu unaona kama kuna kupita au kuanguka tu. Unaweza kuomba kuongezewa muda. Bodi nyingi zina kifungu cha dharura kwa ugonjwa, uzazi au kuuguza ndugu wa karibu. Kifungu hicho hakitumiki chenyewe, mpaka uombe kwa maandishi na uambatanishe uthibitisho, kwa mfano barua ya hospitali yenye tarehe. Na maombi hupimwa kwa wepesi zaidi yakifika kabla cheti hakijaisha. Baada ya hapo yanaanza kuonekana kama kisingizio, hata yakiwa ya kweli. Kasoro yake ni kwamba jibu linaweza kuchelewa au likawa hapana, kwa hiyo asiyetaka kubahatisha huomba huku anaendelea kutafuta saa.

Njia nyingine ni kuomba cheti kisimamishwe kwa muda. Ada yake kwa kawaida ni ndogo au hakuna, hudaiwi saa wakati huo, nawe hukandi kwa malipo wala hujitangazi kwa cheo hicho. Njia hii inamfaa anayetaka kuupumzisha mkono bila kufunga mlango. Gharama yake ni kipato, na hiyo wewe na mumeo ndio mnaoijua.

Halafu kuna kukiacha kiishe. Bodi nyingi zina kipindi baada ya tarehe ambacho unaweza kurudi kwa kulipa faini na kukamilisha saa. Kikipita hicho, baadhi hukutaka uombe upya kama mgeni, na mtihani juu. Ulizia kipindi hicho ni cha siku ngapi na kama unaruhusiwa kufanya kazi ndani yake. Hayo ni maswali mawili, na watu wengi hupata jibu la kwanza wakadhani wamepata na la pili.

Mwenye kituo anasema wateja hawaulizi, na kwa siku ya kawaida hajakosea. Anayeuliza ni kampuni ya bima, na huuliza siku mteja anapodai ameumia mbavu au amepata ganzi mguuni. Sera nyingi za bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayomlinda mtaalamu mteja anapomdai fidia, hutaka cheti au leseni iwe hai siku ya tukio. Tazama pia sera yako ni ya aina gani. Nyingine hulipa tukio lililotokea ndani ya muda wa bima hata dai likija miaka miwili baadaye, nyingine hulipa pale tu bima inapokuwa hai siku dai linapofikishwa. Ukiwa na hii ya pili ukaacha kazi na bima siku moja, wateja uliowakanda zamani wanabaki bila kinga nyuma yako. Swali jingine la kumwuliza mwenye kituo kwa upole ni bima yake inasemaje kuhusu mfanyakazi asiye na cheti hai. Na ile siku ya tano, unapopokea wateja wako mwenyewe, yeye hayumo.

Sasa rafiki yako. Umeandika kwamba ni mtu mwema, nami sina sababu ya kulipinga hilo. Ninachotaka tukiangalie pamoja ni kile alichokupa. Unakiona kama msaada kwako ambao yeye haumgharimu kitu. Ili jina lako liingie kwenye orodha ya warsha iliyokwisha, lazima aibadilishe karatasi ya mahudhurio aliyoiweka saini, na pengine ripoti aliyokwisha kuituma. Utambuzi wake kama mtoaji wa kozi unasimama juu ya karatasi hizo. Likigundulika, anaweza kuupoteza utambuzi huo, na wanafunzi wake wote waliohudhuria kwa haki wanaweza kudaiwa uthibitisho upya. Kwako, fomu ya kuhuisha ina tamko kwamba uliyoyajaza ni kweli, na saini inayowekwa pale ni yako.

Ni kweli kwamba bodi haikagui kila mtu. Bodi nyingi huchagua sehemu ya maombi bila mpangilio na kudai vyeti halisi vya kozi. Ila ukaguzi si njia pekee ya jambo hili kujulikana. Saa zilizoripotiwa miezi mitatu baada ya warsha huonekana zenyewe kwenye mfumo. Mshiriki mmoja akilalamikia warsha ile kwa jambo lisilokuhusu kabisa, orodha nzima huitwa. Na siku ile, miezi mitatu iliyopita, wewe ulikuwa wapi? Kama ulikuwa kituoni, daftari la miadi linaonyesha wateja sita wenye jina lako ubavuni mwao.

Pima uzito wa mambo haya mawili. Kupungukiwa na saa huponywa kwa faini na kozi. Tamko la uongo hushughulikiwa kama kosa la maadili, hubaki kwenye faili, na maombi mengi ya baadaye, hata katika fani nyingine za afya, huuliza kama umewahi kuadhibiwa na bodi. Ungekuwa umeligeuza tatizo la wiki saba kuwa swali la kujibu kila unapojaza fomu. Na saa tatu kati ya zile ni za maadili. Naamini hilo umeshaliona, na huenda ndilo lililokufanya uandike.

Kuhusu kumvunja moyo, ninajiuliza kama anajua kwamba ipo njia nyingine ya kukusaidia. Anasema ungeweza kufundisha. Basi mwulize kama ana warsha ndani ya wiki tano zijazo, au kama anaweza kuirudia ile ya saa 9 kwa kikundi kidogo kwa kibali chake kilekile. Mwulize kama bodi hukubali saa za msaidizi wa mkufunzi, ili ushike sehemu moja. Unaweza kumwambia, "Nashukuru ulivyonionea huruma, ila sitaki jina lako liingie hatarini kwa ajili yangu. Kama una warsha yoyote kabla ya tarehe fulani, niwekee nafasi." Maneno hayo yanamwacha akiwa na cha kukupa. Atakavyoyapokea siwezi kukuahidi.

Unasema kozi ni yaleyale. Baadhi ndivyo zilivyo, hasa zile za siku moja zinazotembezwa mwaka baada ya mwaka kwa jina jipya. Lakini kwa miaka 11 yako kuna mambo ambayo mafundisho ya vyuo vingi yameyaacha. Bado unamwambia mteja kwamba unamtoa asidi ya laktiki misulini? Asidi hiyo, ambayo huongezeka msuli unapofanya kazi nzito, hurudi kiwango chake cha kawaida kwa takriban saa moja baada ya mazoezi, na maumivu ya kesho yake hayatokani nayo. Je, ulifundishwa kwamba mtu mwenye saratani asikandwe kabisa, kwa hofu ya kuisambaza? Siku hizi wakandaji hufundishwa kurekebisha: kukwepa uvimbe na ngozi iliyochomwa na mionzi, na kutumia mguso mwepesi sana kwenye mkono wa upande uliotolewa tezi za limfu, kwa sababu ya hatari ya mkono kuvimba. Kozi ya namna hiyo huenda isingekuchosha. Na kuna moja ambayo ningependa uitazame kabla ya nyingine zote, ile ya namna ya kutumia mwili ili kuilinda mikono. Kama ni lazima utafute saa 6 za vitendo, zinaweza kuwa za gumba lako.

Twende kwenye gumba basi. Maumivu ya mwaka mzima yanahitaji daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na miadi hiyo isisubiri cheti. Sehemu yanapokaa inasema kitu. Yakiwa kwenye shina la gumba, yakizidi unapobana, unapogeuza ufunguo au kufungua chupa, mara nyingi ni kiungo cha shina hilo kinacholalamika. Yakiwa kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, yakichoma unapolifungia gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo kuelekea kidole kidogo, hushukiwa kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, na ala zinazozifunika. Matibabu yake hayafanani. Mweleze daktari yote mawili, idadi ya wateja na miezi minane ya kumwinua mama.

Mume wako anaiita ishara ya kuacha, na huenda amekuona usiku ukishika mkono, jambo ambalo mimi sikuliona. Ila dalili ya namna hii inaweza pia kuwa inasema jambo dogo zaidi: kwamba mkandamizo mzito wa wateja sita unapita kwenye kiungo chenye ukubwa wa njugu. Kinachofaa kubeba uzito huo ni mkono wa mbele na kiwiko, na nguvu yake hutoka miguuni. Simama wima kando ya kitanda, mikono ikining'inia. Kimo cha kitanda kikiwa sawa kwa kazi ya kawaida, vifundo vya vidole hugusa juu yake, na kwa mkandamizo mzito hushushwa zaidi ili uzito wako uegemee badala ya kusukuma. Vituoni vitanda hutumiwa na watu wa vimo tofauti, na kwa sababu ya haraka kati ya mteja na mteja hakuna anayevirekebisha. Wengine hupanga wateja wa mkandamizo mzito wasifuatane, au wanaweka ukomo wa watatu kwa siku. Hilo linadai umwambie mwenye kituo kuhusu mkono, nalo ni jambo ambalo umelikwepa mwaka mzima. Hatari ya kumwambia ni kupunguziwa zamu. Hatari ya kunyamaza ni gumba kukuachia ghafla ukiwa juu ya mgongo wa mtu.

Sitakwambia uhuishe wala uache. Naomba ujiulize maswali mawili, siku ambayo mkono haujakuuma sana. Kama saa 24 zingekuwa zimetimia na fomu iko mezani, ungeitia saini? Na kama gumba lingekuwa zima, ungeitaka miaka mingine miwili ya kazi hii? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, umechoka kwa mkono na kwa karatasi, na vyote vina mafundi wake. Ukijibu hapana hata kwa la pili, basi kuchoka kwako kulianza kabla ya gumba. Hapo kusimamisha cheti kwa muda, au kukihuisha huku ukijiandaa kuelekea kufundisha, zinakuwa njia za kutazamwa kwa utulivu. Ada ya miaka miwili haikufungi miaka miwili. Lakini kulipia mlango usiokusudia kuupita tena nako ni gharama, na woga wako wa hilo nauheshimu.

Wiki hii iandikie bodi barua pepe fupi, wakujibu kwa maandishi, maana jibu la simu halina ushahidi. Taja namba ya cheti chako na tarehe kinapoisha, kisha uulize: saa ngapi mnazionyesha kwenye rekodi yangu, ukomo wa kujisomea ni upi, mnakubali kozi zipi za kufufua moyo, nawezaje kuomba nyongeza ya muda kwa sababu ya kuuguza, na kikiisha nina siku ngapi za kurudi na je, naruhusiwa kukanda ndani ya siku hizo. Siku hiyohiyo weka nafasi ya kufufua moyo na ya daktari wa mkono. Ukipata majibu niandikie tena, na uanze na la daktari.